Wimbo wa Kumi Haukuwa Wangu

Mimi ni bibi wa miaka sabini na kidogo... hicho kidogo sikijui, maana sisi wa zamani tulihesabiwa kwa njaa na mvua, siyo kwa karatasi. Nilizaliwa Mbulu, nikaolewa huku Hanang, juu kidogo ya Katesh, na hapa ndipo nilipozeekea. Shule niliishia darasa la pili. Kwa hiyo haya mnayosoma nayasema kwa mdomo, anayeandika ni mjukuu wangu Yusta. Nimemwambia asinipambe. Ameapa hatanipamba.

Wanaonijua watasema, bibi huyu anapenda kuongea! Ni kweli, napenda. Kwenye msiba mimi ndiye ninayeitwa kuchangamsha watu siku ya tatu. Lakini hii ya leo, wasomaji wenzangu... hii sijawahi kuisimulia nikicheka.

Jamani, mtu mzima naye anaiba? Anaiba! Mimi niliiba. Tena niliiba kwa rafiki yangu, na sikuiba mbuzi wala debe la mahindi. Niliiba kilio chake.

Ngoja nianze na Yusta, maana bila Yusta yasingetokea. Baba yake, Paskali wangu, mtoto wangu wa kwanza, alitangulia mbele ya haki Yusta akiwa bado anatambaa. Mama yake akaolewa kwingine. Nikamlea mimi. Alipokuwa mkubwa kwaya ya kanisani wakamfundisha gitaa, na huko ndiko alikoharibikia! Akaenda Arusha kusoma ualimu, akarudi na gitaa la umeme, jekundu, lina waya mrefu kama kamba ya kufungia ndama. Mara ya kwanza kulipiga hapa nyumbani, kuku walihama.

"Yusta, limeharibika?" nikamuuliza.

"Hapana Bibi, ndivyo linavyolia. Hii inaitwa roki."

"Nani amelikosea?"

Alicheka mpaka akakaa chini. Lakini watu wa Katesh hawakucheka vizuri. Walikuwa wananisimamisha njiani, "Mama Paskali, mjukuu wako anaumwa meno? Tumemsikia jana." Nyimbo alikuwa anatunga mwenyewe, maneno yake mwenyewe, anapiga kelele huku amefumba macho. Bongo Fleva hataki, singeli hataki. Kila alikopeleka nyimbo zake walimwambia, dada, huku kwetu nani atasikiliza hizi?

Mimi sikuelewa roki. Ila nilimpenda anayeipiga, basi.

Sasa rafiki yangu. Tumwite Mama Ester, na huyo Ester nimembadili jina kidogo. Mama Ester ni Mdatoga, mimi Mwiraqw. Tumekuwa majirani zaidi ya miaka arobaini. Mimi nalima, yeye anafuga. Mabua yangu ya mahindi wanakula ng'ombe wake, samadi yake inaingia shambani kwangu. Na ng'ombe wangu mmoja alikuwa analala zizini kwake, maana mimi sina zizi. Kwa hiyo kila asubuhi nilikuwa nakwenda kwake na kibuyu changu kukamua. Tunakamua, tunasengenya, tunacheka. Yeye ana ulimi mkali! Aliniambia siku moja, "Wewe Mama Paskali ungekuwa ng'ombe ungetoa maneno ndoo mbili kila siku, maziwa hakuna."

Halafu mlima ukamwaga tope.

Siwezi kuieleza sana siku ile. Wengi wenu mliiona kwenye simu. Mawe, magogo, matope, vikashuka mpaka mtaa wa Jorodom... Ester alikuwa fundi cherehani, amepanga chumba Jorodom. Walimpata siku ya tatu. Walimjua kwa shanga alizovaa mkononi, alizotengenezewa na mama yake.

Mama Ester alilia kama watu wote wanavyolia. Lakini kilio kina mwisho, kwao kama kwetu. Siku zikaisha, watu wakatawanyika, wakubwa wa ukoo wakamwambia, sasa inatosha, ukizidi kulia utawaita wengine. Akafuta uso. Akanyamaza. Watu wakasema, huyu mama ana moyo wa chuma!

Baadaye ng'ombe wake mmoja, mwekundu, akafiwa na ndama. Ninyi wa mjini labda hamjui, ng'ombe akifiwa na ndama anazuia maziwa. Anasimama tu, anakutazama. Basi unachukua ngozi ya yule ndama, unaijaza majani makavu, unamwekea mbele anuse, na wewe unamwimbia. Unamwimbia wimbo wako mwenyewe, uliomtungia yeye. Akisikia sauti anayoijua, anaachia.

Mama Ester akamtungia wimbo.

Asubuhi ya kwanza nilipousikia nilikuwa nimechuchumaa chini ya ng'ombe wangu, upande wa pili. Mikono yangu ikasimama. Alikuwa anamwimbia ng'ombe habari za ndama... lakini haikuwa ndama! Nilijua, na yeye alijua kwamba nimejua. Ule wimbo ndio mahali pekee alipobaki napo pa kumlilia Ester bila kuambiwa inatosha. Alikuwa analia na yule ng'ombe, wafiwa wawili. Na maziwa yakatoka.

Alipomaliza aliniambia neno moja tu. "Haya ni ya hapa zizini."

Nikasema, "Ndiyo mwenzangu."

Na nilijua maana yake. Kwao wimbo wa mtu ni mali ya mtu, kama alama anayochoma kwenye ngozi ya ng'ombe wake. Hata mkwe wako hauimbi mpaka umpe. Nimeishi nao miaka yote hiyo, sikuwa mgeni. Nilijua!

Maneno ya wimbo ule hamtayaona hapa. Mtajua kwa nini.

Ikapita kama mwaka. Yusta akaja kutoka Arusha, amekonda, macho mekundu. Alikuwa amepata studio ya kurekodi albamu yake nzima, ya kwanza. Aliiita *Tope*. Nyimbo tisa zote za kutunga mwenyewe, za Katesh, za mlima, za watu waliokuwa wanachimba kwa mikono. Prodyuza, kijana mmoja mpole anaitwa Deo, akamwambia, hizi ni nzuri, lakini zote zinapiga kelele. Tafuta ya kumi, yenye kitu kingine, la sivyo tutaitoa na itapita kama upepo. Yusta alikuwa amekwama. Akaniambia, "Bibi, hii ikishindwa naacha. Narudi kufundisha."

Akaniuliza kama nina wimbo wa zamani. Nikamwimbia wa kupura ngano. Akatabasamu kwa adabu. Nikamwimbia wa kusaga. "Huo nimeusikia, Bibi." Nikamwimbia wa harusi... akapiga miayo! Mjukuu wangu, akaziba mdomo haraka, lakini nilimwona.

Mnajua uzee ulivyo? Unafika mahali kila ulicho nacho mtu ameshakisikia. Moyo ukaniuma. Nikafungua mdomo, ukatoka ule wa Mama Ester, nimeugeuza kwa Kiiraqw chetu.

Nilipomaliza, Yusta alikuwa analia.

"Bibi... huu ni wa nani?"

Hapo, wasomaji wenzangu! Hapo ndipo palikuwa na njia mbili. Ningesema jina moja tu, yote haya yasingekuwepo. Lakini alikuwa ananitazama kama vile mimi ni mtu mkubwa sana. Sijawahi kutazamwa vile.

Nikasema, "Wangu. Nilimwimbia ng'ombe wa baba yangu nikiwa msichana."

Akanipeleka Arusha. Weee, studio! Chumba kimefunikwa magodoro ukutani, nikauliza, mnalala wima? Wakanivalisha hedifoni, nikasikia pumzi zangu mwenyewe kama ng'ombe anakoroma. Deo akaniambia, "Shikamoo Bibi, usiogope maiki, ongea nayo kama jirani yako." Jirani yangu! Angejua... Nikafumba macho, nikaimba. Kwanza sauti yangu peke yangu. Halafu Yusta anaingia kwa Kiswahili. Halafu gitaa lile jekundu, taratibu, halafu dramu, halafu vyote vinalipuka kama siku ile ya mlima. Vinyweleo vilinisimama. Kwa mara ya kwanza nikaelewa roki. Ni mtu aliyeambiwa inatosha, naye hajatosheka.

Deo alivua kofia. Akasema, "Bibi, umetuokoa."

Nilikula chipsi kuku siku ile, nikacheka, nikalala. Nililala vizuri kabisa! Hilo ndilo linaloniogopesha mpaka leo.

Albamu ikatoka. Na ule wa kumi ndio uliotoboa! Watu wakauita Ule wa Ng'ombe. Redioni, kwenye simu, kwenye baa, kwenye pikipiki. Vijana waliokuwa wanamcheka Yusta wakaanza kusema, dada yetu, fahari ya Manyara. Akaitwa Dar, akaitwa Nairobi. Na waliousikia ule wakarudi kusikiliza na zile tisa.

Na mimi! Nikipita sokoni, "Shikamoo Bibi Roki!" Naitikia, marahaba, marahaba, shingo imenyooka kama twiga. Mtangazaji mmoja akanipigia. "Bibi, ulitunga ukiwa na umri gani?" Kumi na tano! "Ng'ombe alikuwa wa rangi gani?" Nikampa rangi. "Na ndama?" Nikampa ndama na jina. Uongo ni kama ndama, ukishauzaa lazima uunyonyeshe.

Na asubuhi nakwenda zizini, nachuchumaa, namsikia mwenyewe anauimba... mimi nimetulia tu na kibuyu changu. Mama Ester ana kisimu cha tochi, redio hana, Kiswahili cha redio hakipendi. Aliniuliza Yusta anaimba nini siku hizi. Nikasema, "Mambo ya vijana." Nilijiambia, hatajua. Tena nilijiambia, hata akijua, si ni heshima? Laiti mngekuwepo mniite mshenzi wakati huo!

Ikafika siku ya mnada Katesh. Tulikwenda wote wawili, yeye ana dume la kuuza. Nilikuwa nimejipanga tupite nyuma, kwa wauza kamba. Lakini pale kwa kijana anayeuza flashi za muziki, spika ikafunguka... sauti yangu.

Mama Ester akasimama. Na mnajua alifanya nini kwanza? Alifurahi! Akanishika mkono, akacheka, "Mama Paskali, si wewe huyo? Umeingiaje humo ndani?" Alifurahi kwa ajili yangu. Kicheko chake hicho nakisikia mpaka leo.

Halafu akasikia maneno.

Mkono wake ukalegea kwenye mkono wangu. Gitaa likaingia, dramu zikaingia, vijana pale wakaanza kuruka, vumbi linapanda, wanaimba kwa nguvu, wanayajua yote kwa moyo. Yeye akakaa chini. Akakaa kwenye mavi ya ng'ombe, na shuka yake nzuri ya mnadani.

Akasema polepole, siyo kwangu, "Wanamcheza Ester."

Nikasema, "Mwenzangu, sikiliza..."

"Wewe huwa unaongea," akasema. "Leo usiongee."

Kesho yake asubuhi nikamkuta ng'ombe wangu amefungwa kwenye mti wa lango langu. Mama Ester amemleta mwenyewe. Hakunitukana, hakuita watu. Amemrudisha tu... Heri angenipiga!

Nikaja kusikia kwa majirani kwamba yule ng'ombe mwekundu amekataa. Mama Ester anasimama mbele yake, anafungua mdomo, sauti haitoki. Angeimbaje? Watoto wanaotoka shule wanapita nje wanauimba ule ule, wanaruka. Maziwa yakakauka. Akafunga virago, akafukuza ng'ombe wake, akaenda Yaeda Chini kwa kaka yake.

Nikampigia Yusta nikamwambia yote.

"Bibi, nimesimama mbele ya watu nikasema huu ni wimbo wa bibi yangu."

"Najua, mwanangu."

"Nimesema mara ngapi, Bibi?"

"Najua."

"Kwa nini hukuniambia tu huna?"

Aliuondoa ule wimbo mtandaoni. Deo alimsihi, akamwambia utaua albamu, huo ndio mguu wake. Akautoa. Lakini ulishaingia kwenye flashi, kwenye simu za watu, utautoa wapi? Alipopiga Babati watu walisimama wakapiga kelele, "Ng'ombe! Ng'ombe!" Akakataa kuuimba. Wakamzomea mjukuu wangu! Wakamrushia chupa za maji! Kwa dhambi yangu, yeye akasimama pale na gitaa lake jekundu akaimba zile tisa mpaka mwisho.

Tukaenda Yaeda Chini, mimi na yeye. Tukapita Haydom, tukakodi pikipiki mbili, njia ya mawe na mchanga, mgongo wangu mimi nilidhani nimeuacha kwenye korongo. Ng'ombe wangu tulimtanguliza na mchungaji.

Kwao wanawake wana baraza lao. Mwanamume akimkosea mwanamke wanakaa, wanamtoza ng'ombe, na hakuna mwanamume wa kufungua mdomo. Sikujua kama wanaweza kumhukumu mwanamke, tena wa kabila lingine. Wanaweza! Walikaa chini ya jua, wazee kwa wasichana, mimi nimesimama katikati. Mama Ester alikaa pembeni, hanitazami.

Nikasema kosa langu. Kwa mara ya kwanza maisha yangu yote nilisema kitu kifupi.

Bibi mmoja mzee kuliko mimi, haoni vizuri, akaniuliza, "Wewe huna wafu wako?"

Nikasema ninao. Ninaye Paskali.

"Mbona hukumwimbia wako?"

Nikamtazama Yusta. Alikuwa ameinamisha kichwa. Miaka ishirini na zaidi nimemlea huyu mtoto kwa vichekesho, sijawahi kumwambia baba yake alikuwa anacheka vipi, alikuwa anaogopa nini, aliniita nini siku ya mwisho. Nilikwenda kuiba msiba wa jirani kwa sababu wangu niliogopa kuugusa. Nililia pale mbele za watu, jamani... nililia Paskali, na hakuna aliyeniambia inatosha.

Wakanitoza yule ng'ombe. Mama Ester akaipokea kamba yake. Akasema mbele ya wote, "Ng'ombe nimechukua. Wimbo hauna fidia." Halafu akampa Yusta maziwa anywe. Mimi hakunipa.

Alirudi Katesh kabla ya mvua. Sikumwita, alirudi mwenyewe, zizi lake ni lile lile. Mwezi wa kwanza tulisalimiana kwa mbali. Siku moja akapita na mzigo wa samadi, akaumwaga shambani kwangu, akasema, "Mahindi hayana kosa." Nikapeleka mabua. Siku hizi tunakunywa chai pamoja. Ulimi wake umerudi, juzi kaniambia nimezeeka mpaka kivuli changu kina mikunjo. Nilicheka mpaka nikakohoa!

Nilimwomba ruhusa ya kuwasimulia haya. Akafikiri. Akasema, "Sema. Ila maneno ya wimbo usiyatie." Ndiyo maana hamjayaona.

Yusta bado anaimba. Albamu yake sasa ina nyimbo tisa, wanaoipenda wamepungua, lakini wapo. Anatunga wa baba yake. Ananiuliza maswali, namjibu, tunalia, tunaendelea. Nimekataa kuingia studio.

Na Mama Ester ametunga mwingine kwa yule ng'ombe mwekundu, ambaye amezaa tena lakini ana ukaidi. Najua, kwa sababu asubuhi nikiwa bado njiani na kibuyu changu, maana siku hizi maziwa nanunua kwake, nasikia sauti yake inatoka zizini. Ni nzuri. Sijui inasema nini, bado niko mbali. Nikifika langoni nakohoa, kama adabu inavyotaka.

Ananyamaza.

Ananikaribisha vizuri tu, ananisogezea kigoda, ananiuliza nimelalaje. Lakini haimbi mpaka niondoke. Miaka arobaini na zaidi nilikuwa mtu wa kusikia. Sasa mimi ni mtu wa kunyamaziwa. Je, kuna jela kubwa kuliko hiyo?

Wasomaji wenzangu, mabibi kwa vijana, nawaomba kwa magoti haya yanayouma. Mtu akilia mbele yako, amekupa kitu. Usikibebe ukakiuze kwa sifa, hata kama ni kwa ajili ya mtoto unayempenda, hata kama utapigiwa makofi Dar mpaka Nairobi. Muulize kwanza mwenyewe. Na akisema ni ya hapa zizini... funga mdomo, kamua ng'ombe wako, chukua kibuyu chako, nenda nyumbani.